Nina haibridi tayari: je, nihamie pikapu ya umeme?

Swali hili limeniandama tangu watu wajue kwamba natafuta gari jingine. Nauza samaki Malindi. Asubuhi nanunua kwa wavuvi, mchana napeleka kwenye hoteli za Watamu na Mambrui, na mara moja kwa wiki naenda Mombasa na mzigo mkubwa. Gari langu ni Toyota Probox ya haibridi, yaani lina injini ya petroli inayosaidiwa na mota na betri, ambayo kwa sisi wafanyabiashara wadogo ndiyo pikapu yetu, tofauti ni kwamba hii ina paa.

Jibu ninalowapa wenzangu kwa sasa ni hili. Ukiwa unatoka kwenye pikapu ya dizeli, anza kutafuta ya umeme leo. Ukiwa unatoka kwenye haibridi, usiwe na pupa, kwa sababu haibridi imeshakuokolea sehemu kubwa ya pesa ambazo umeme ungekuokolea. Wauzaji hawakwambii hivyo. Wao hulinganisha gari lao na dizeli, hata mbele ya mtu aliyekuja na haibridi.

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazotukosesha usingizi. Mwishoni mwa 2025 petroli huku pwani ilikuwa shilingi 180 na kitu kwa lita. Probox yangu ikiwa na mzigo wa kawaida hunipa kama kilomita 18 kwa lita, kwa hiyo kilomita moja ni shilingi 10. Rafiki yangu anayebeba vifaa vya ujenzi ana pikapu ya dizeli. Akijitahidi sana anapata kilomita 10 kwa lita, na dizeli ilikuwa inakaribia 170. Yeye yuko kwenye shilingi 17.

Sasa chukua pikapu ya umeme. Isuzu D-Max ya umeme ina betri ya kilowati-saa 66.9, na kwa kipimo cha WLTP kinachotumika Ulaya inakwenda kilomita 263. Piga hesabu utaona ni kama uniti 25 kwa kila kilomita 100, kwa sababu uniti tunayonunua kwa tokeni ndiyo hiyo hiyo kilowati-saa moja. Ukijumlisha kodi na tozo zote, iweke uniti ya nyumbani kwenye shilingi 28 hadi 30. Kilomita moja inakuwa shilingi 7 na nusu hivi, na hapo hujahesabu umeme unaopotea wakati wa kuchaji.

Mtu wa kilomita 2,000 kwa mwezi, basi, analipa elfu 34 kwa dizeli, elfu 20 kwa haibridi, elfu 15 kwa umeme. Mwenye dizeli akihamia umeme anabaki na elfu 19 mfukoni kila mwezi. Mimi nikihamia nabaki na elfu tano. Elfu tano ni pesa, siikatai, lakini nenda benki uulize mkopo wa pikapu mpya unalipwa shilingi ngapi kwa mwezi, halafu urudi tuzungumze.

Kuna jambo jingine kwenye bili ambalo wengi hawaliangalii. Tangu Aprili 2023 bei za stima za nyumbani zimegawanywa kwa madaraja: hadi uniti 30 kwa mwezi, kutoka hapo hadi 100, na zaidi ya 100. Wanaangalia wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 80 kwa taa, friji na feni, ukiiongezea gari linalokula uniti 500, inapanda daraja la juu kabisa, na hata ile feni ya mtoto inaanza kulipiwa bei ya juu. Dawa yake ipo. Katika bei hizo hizo za 2023 kuna bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa ambazo matumizi ya nchi yako chini, yaani usiku wa manane, kabla ya kodi na tozo. Lakini hiyo inataka mita yake peke yake. Kwa hiyo kabla hujaenda kwa muuzaji wa magari, nenda ofisi ya stima uulize mita hiyo utaipata vipi. Ukiipata, hesabu yangu ya shilingi 7 na nusu inashuka sana, na mimi mwenyewe nitabadilisha maneno.

Gari linalala wapi? Hili ni swali la kweli kwa Malindi, kwa sababu wengi wetu tumepanga nyumba. Kama mnagawana mita na wapangaji wengine, sahau. Kama una mita yako lakini gari linalala nje ya geti, utavuta waya juu ya njia watu wapitapo? Na tundu la kawaida la ukutani, kwa usalama, halitoi zaidi ya kilowati mbili na ushee kwa muda mrefu. Betri ya kilowati-saa 66.9 ikiwa tupu itahitaji usiku wa leo, mchana wa kesho na bado. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 inaimaliza kwa saa kumi hivi, ila inavuta ampea 30 kwa mfululizo, na nyaya za nyumba nyingi za zamani hazikufungwa kwa kazi hiyo. Mwite fundi wa stima aangalie waya wa kuingilia na waya wa ardhini. Kwetu mtaani jioni taa zinafifia watu wakiwasha pasi.

Kukatika kwa stima hakunitishi sana kama watu wanavyodhani. Ukiwa unachaji kila usiku, kukosa usiku mmoja si msiba. Agosti 2023 nchi nzima ilipolala gizani, hata pampu za petroli zisizokuwa na jenereta zilisimama.

Kinachonitisha mimi ni ile safari ya Mombasa. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Kwenda na kurudi ni 240, kabla hujazunguka mjini kushusha mzigo. Ile D-Max ya kilomita 263 imepimwa katika hali nzuri, si ikiwa na kreti zilizojaa barafu, kiyoyozi kikivuma na dereva anayetaka kufika kabla barafu haijayeyuka. Hilux ya umeme iliyozinduliwa Novemba 2025 ina betri ndogo zaidi, kilowati-saa 59.2, na Toyota wenyewe wanataja kilomita 240 hivi. Maana yake ni kwamba lazima nichaji Mombasa. Si vibaya, ukijua pa kuchaji. Lakini usiamini ramani ya simu. Piga simu kwanza, kisha nenda ujionee kama kituo kinafanya kazi na kama plagi yake inaingia kwenye gari lako. Magari ya Ulaya hutumia CCS2, mengi ya Wachina yaliyotengenezwa kwa soko lao hutumia GB/T, na yale ya zamani ya Japani hutumia CHAdeMO. Hayaingiliani bila kifaa cha kuunganishia.

Kwa hiyo usipime gari kwa siku yako ya kawaida. Siku ya kawaida mimi sifiki hata kilomita 80, na pikapu yoyote ya umeme ingeniona mchezo. Lipime kwa ile siku ndefu yenye mzigo. Kama siku hiyo inakuja mara moja kwa mwezi, kodi gari la mtu. Ikija kila wiki, kama kwangu, hiyo ndiyo inayokuchagulia gari. Wale mnaokwenda hadi Mokowe na mizigo ya Lamu mnajua zaidi: mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipoikata barabara kule Gamba, watu walisubiri wasijue watavuka lini.

Halafu kuna chumvi. Biashara ya samaki inaua magari kutoka ndani. Hata ukifunga kreti namna gani, maji ya samaki yatavuja, yatapita chini ya zulia na kukaa kwenye kona ambazo hakuna anayeziosha. Mimi natandika turubai zito, juu yake trei ya plastiki, na kila jioni namwaga maji baridi chini ya gari. Pamoja na hayo yote, siku fundi alipotoa kichujio cha feni ya betri ya haibridi, tulikikuta kimeganda: vumbi jekundu, nywele za zulia, na magamba ya changu yaliyokauka kama kucha. Akanitazama. "Dada, betri hizi huuliwa na vumbi kabla hazijauliwa na uzee." Feni ikiziba, betri inapata joto, na joto ndilo linaloimaliza. Kukisafisha ni kazi ya nusu saa. Mwenye haibridi anayesoma hapa, kabla ya kufikiria kuuza gari kwa sababu taa ya betri imewaka, anzia kwenye kichujio hicho.

Joto la Malindi, hasa kaskazi, nalo lina neno kwenye magari ya umeme ya mkononi. Nissan Leaf ndiyo rahisi kupatikana kutoka Japani, na watu wananiambia ninunue hiyo niikate nyuma iwe pikapu. Wasinitanie. Betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, na wenye Leaf wa Arizona, jimbo la joto kali kule Marekani, walianza kulalamika mwaka 2012 kwamba betri zao zinapungua nguvu mapema. Ukinunua gari lolote la umeme lililotumika, omba kipimo cha afya ya betri kwa kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, tena mbele ya macho yako. Kilomita kwenye dashibodi hazikwambii kitu kuhusu betri.

Kila mara mtu hunitumia picha ya Ford Maverick, ile pikapu ndogo ya haibridi ya Wamarekani, akiuliza kwa nini tusiilete. Ni gari zuri: imeanza kuuzwa kama modeli ya 2022, injini ya lita 2.5, na matumizi yake ya mjini ni kama kilomita 18 kwa lita, ambayo kwa pikapu ni ajabu. Lakini usukani wake uko kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto. Basi. Hadithi ya Maverick kwetu inaishia forodhani.

Kitu kilichokaribia kunibadilisha nia ni soketi. Baadhi ya pikapu mpya za Wachina, kama Riddara RD6 ya umeme mtupu na BYD Shark ambayo ina injini pamoja na betri inayochajiwa kwa plagi, zina matundu ya kutoa umeme nyuma kwenye karai la mizigo. Friza ya kawaida haifiki hata kilowati moja. Fikiria kuegesha kando ya ufuo alfajiri, friza inanguruma nyuma, nguru anatoka kwenye mtumbwi na kuingia ndani ya baridi bila kugusa mchanga. Anayenunua barafu kila siku anajua thamani ya hilo, na ile hesabu yangu ya elfu tano inabadilika, kwa sababu unaokoa barafu na samaki wanaoharibika pia. Shark, kwa sababu ina injini, hata Mombasa ingenifikisha bila wasiwasi. Bei yake ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

Haibridi nayo haiuziki vibaya. Dalali wa magari hapa mjini atakupatia mteja wa Probox kabla hujamaliza chai yako. Ya umeme nilipomuuliza, alikuna kichwa, akaniuliza fundi wake ni nani. Ni swali la haki. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aandike kwamba dhamana ya betri inatambuliwa hapa Kenya, maana gari lililoagizwa na mtu binafsi mara nyingi huja na dhamana inayoishia nchi lilikotoka.

Mimi nabaki na Probox kwa sasa. Lakini rafiki yangu wa vifaa vya ujenzi, ambaye haendi zaidi ya Gongoni upande wa juu na Gede upande wa chini, na ana kiwanja chake na mita yake, nimemwambia asisubiri. Na kama wateja wako ni hoteli zenye paneli za sola juu ya paa, zungumza nao mapema uchajie gari kwao. Saa sita mchana, wakati unashusha mzigo na kusubiri stakabadhi, paneli nyingi zinatoa umeme mwingi kuliko hoteli inavyotumia, hasa msimu wa wageni wachache. Mwombe meneja afunge mita ndogo kwenye waya wa chaja, mkubaliane bei ya uniti kwa maandishi, na ikatwe kwenye malipo yako ya samaki kila mwisho wa mwezi.