Jina la leso na jina la duka

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako niliipokea Jumatatu, nikaisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimetulia baada ya sala ya Alasiri, kwa sababu swali uliloniuliza halifai kujibiwa mbiombio. Umeniambia kwamba katika mtaa wako hapo Voi yapo maduka matano ya rejareja, yote yakiuza unga uleule, sukari ileile na sabuni ileile, kwa bei isiyopishana hata shilingi tano, ukaniuliza ufanye nini ili la kwako lijulikane. Ukaongeza kwamba wakala wa kampuni ya soda amejitolea kukupakia rangi ukuta wa duka bila malipo, nawe unaona ni bahati.

Nitaanza na leso, kwa kuwa ndiyo biashara iliyotulisha na kukusomesha. Leso, au khanga kama wanavyoiita ndugu zetu wa Tanzania, ni kitambaa cha pamba chenye pindo, mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake. Kipimo chake kinajulikana, huuzwa kwa doti, na ukipita Biashara Street hapa Mombasa utaona duka baada ya duka zimetundikwa mlangoni kwa bei zinazokaribiana. Kwa mgeni, zote ni nguo moja. Lakini Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake katika mji huu mwaka 1887, na mpaka leo wako wanawake ambao, kabla ya kuuliza bei, huikunjua leso wakatafuta yale maandishi madogo: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Kitu cha kila siku kabisa, kinachobebea mtoto na kufungwa kiunoni jikoni, kimetambulikana kwa maneno machache kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi nikiwa nyuma ya meza ya duka, na ninaamini siri yake imo katika namna leso inavyogawa maneno kati ya watu wawili. Alama ya mwenye mali huandikwa kwa herufi ndogo, asiyeitafuta asiione. Jina, lililoandikwa kwa herufi kubwa ambazo hapo zamani zilikuwa za Kiarabu na baadaye zikawa za Kirumi, ni la mnunuzi. Leso inaposema «Hasidi hana sababu», hakuna anayedhani kwamba muuzaji ndiye anayezungumza. Anayezungumza ni mwanamke aliyejifunga, na aliyekusudiwa anajijua. Mfanyabiashara alimpa mteja wake ulimi, kisha yeye mwenyewe akakaa pembeni.

Utamkumbuka yule bibi wa Kisauni aliyekuwa akija dukani kila mwezi wa Shaabani. Hakujua kusoma, basi nilikuwa nikimfungulia leso moja moja naye ananiambia, «Nisomee, mwanangu.» Nikimsomea jina lisilomgusa, hata rangi iwe nzuri namna gani, alikuwa akiisukuma kwa kiganja. Siku moja nilimsomea «Wema hauozi», akanyamaza, akaishika ile nguo kwa mikono miwili, akaniambia nimfungie doti tatu, moja yake na mbili za wakeze wanawe. Rangi hakuiuliza. Siku hiyo nilifahamu kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikizipanga leso zangu kwa rangi, ilhali wateja walikuwa wakizinunua kwa maneno, na tangu hapo nikawa ninayajua majina yote kwa moyo kabla robota halijamaliza kufunguliwa.

Lakini jina peke yake halitoshi, na hili nilijifunza kwa hasara. Mwaka ambao wewe ulikuwa darasa la nne nilinunua robota zima la leso za bei nafuu kwa mfanyabiashara mmoja, majina yake mazuri ajabu, na zikaisha kwa wiki mbili. Wiki ya tatu wanawake walianza kurudi wakiwa wamezikunja kwapani, kwa sababu zilichuja rangi katika maji ya kwanza na kuharibu nguo nyingine. Niliwarudishia fedha wote waliokuja, na waliokuja walirudi kununua tena. Wale ambao hawakuja kulalamika ndio niliowapoteza.

Sasa turudi kwako. Rangi ya bure ya kampuni ya soda usiikubali. Hao watu si wabaya, lakini ukuta ule utatangaza soda yao, na duka lako litafanana na kila duka walilolipaka kutoka Mombasa hadi Taveta. Utakuwa umempa mtu mwingine nafasi ya herufi kubwa katika nyumba yako. Paka mwenyewe, hata kwa chokaa nyeupe.

Kisha watazame wanunuzi wako kama nilivyopaswa kumtazama yule bibi tangu siku ya kwanza. Uliwahi kuniandikia kwamba wanawake wanaouza mahamri karibu na steji huzunguka jioni kununua unga kwako, hamira pale, na iliki kwa yule jirani yako, kwa kuwa wewe hukuwa nayo. Hao hukanda usiku ili unga uumuke, wakaamka alfajiri kukaanga. Wapimie mapema unga, sukari, hamira na iliki iliyotwangwa, vya kiasi wanachokanda wao, uvifunge pamoja, na duka lisifungwe kabla hawajapita. Hakuna bidhaa mpya hapo hata moja. Lakini mwanamke aliyechoka atajua kwamba katika maduka matano, lipo moja linalojua saa zake.

Mizani yako igeuze imwelekee mteja. Ninajua utaona ni jambo dogo, lakini hiyo ndiyo K.H.E. yako, ile alama ndogo ambayo mtu huitafuta mwenyewe. Sukari ya robo kilo iwe robo kilo, na ikizidi punje chache usizirudishe guniani.

Juu ya kipaza sauti ulichotaja katika barua yako, cha kutangazia duka, sina la kusema zaidi ya kwamba jirani zako wana watoto wanaolala mchana.

Nimempa dereva wa matatu kifurushi cha iliki kutoka soko la Marikiti, atakufikishia Alhamisi. Ndani yake nimeweka daftari. Kila mtu atakayeulizia kitu akakikosa, kiandike, pamoja na saa aliyokuja, hata kama ni mtoto aliyetumwa kiberiti. Nitakuja baada ya Idi, na nitataka kulisoma kabla hujanionyesha hesabu za mauzo.

Wako akupendaye,
Mama