Wasomaji Wanauliza: Babu zetu askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo

Kambi ya jeshi hapa kwetu inaitwa Saio, na marehemu babu alisema alipigana Saio. Ni wapi huko, na walifikaje? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Mama, Saio iko magharibi mwa Ethiopia. Leo mji huo unaitwa Dembi Dolo. Jina la kambi linatokana na ushindi wa 1941 dhidi ya Waitalia. Askari walitoka Kongo kwa malori hadi Juba, wakashuka mto Nile kwa meli hadi Malakal, kisha wakageukia mashariki. Huko Ethiopia, Asosa ilitekwa tarehe 11 Machi, Gambela tarehe 23 Machi.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Saio iko mlimani, zaidi ya mita 1,000 juu ya Gambela, na adui alikuwa amekaa huko juu na mizinga yake. Mto Baro hupitisha meli hadi Gambela wakati wa maji mengi tu. Maji yakiwa haba, chakula hutegemea malori, na mvua za kwanza zikinyesha malori huzama kwenye matope kabla mto haujajaa. Askari wakashikwa na kuhara damu na beriberi. Beriberi humpata anayeishi kwa mchele uliokobolewa sana, bila maharage wala mboga: miguu huvimba au hufa ganzi, na moyo huchoka. Kama babu alisema njaa ilimtesa kuliko risasi, msadiki. Tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera wa Waitalia alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert, mkuu wa jeshi letu huko.

Babu wa baba alitolewa na chifu akawe askari. Ilikuwa halali? Na kwa nini alipelekwa mbali hivyo? (Kijana wa Birere, Goma)

Kwa sheria ya Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni, ndiyo, tangu 1891. Gavana aliweka idadi ya vijana, kila wilaya ikapata fungu lake, na machifu wakaamriwa kulitimiza. Mara nyingi walitolewa wasio na mtetezi: yatima, wageni, wenye madeni, waliogombana na chifu. Muda wa utumishi ulikuwa miaka 7. Kupelekwa mbali kulikuwa kwa makusudi. Baada ya maasi ya Luluabourg mwaka 1895 na ya msafara wa ofisa Mbelgiji Dhanis mwaka 1897, wakubwa walichanganya makabila katika kila kikosi ili askari wasiungane tena. Ndiyo maana wazee wengi walirudi nyumbani wakisema Kilingala, lugha ya jeshi.

Albini ilikuwa bunduki gani? (Msomaji wa komini Kenya, Lubumbashi)

Ni bunduki ya Ubelgiji ya milimita 11, yenye kupiga risasi moja moja, uzito wake karibu kilo 4 na nusu. Askari huvuta nyundo nyuma, hushika kishikio cha kifuniko cha chemba na kukiinulia mbele, ganda tupu hutoka, hutia risasi nyingine, hufunga, hulenga. Ubaya wake ni baruti nyeusi. Moshi mweupe humwonyesha adui mahali ulipolala, na masizi hujaa ndani ya mtutu mpaka risasi hazilengi vizuri. Lazima isafishwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo, ikaushwe, ipakwe mafuta. Ikiachwa usiku mmoja wa mvua, kutu imekwisha kuingia. Wengi waliingia vita vya 1914 wakiwa nayo.

Kwa nini vita vya Tabora vilihitaji wapagazi wengi hivyo, na kwa nini walikufa? (Mwalimu, Goma)

Swali hili tumelingoja. Tabora, katika Tanzania ya leo, ilitekwa kutoka kwa Wajerumani tarehe 19 Septemba 1916, na sifa zikaenda kwa Jenerali Tombeur, mkuu wa jeshi la Wabelgiji. Lakini jeshi lile lilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Piga hesabu: mpagazi anabeba kilo 25 za chakula, naye anakula kilo 1 kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, anakula 20, anafikisha 5. Kompania ya watu 150 wanaokula kilo 1 kila mmoja inataka wapagazi 30 wafike kila siku, yaani 600 wawe njiani wakati wote. Na hapo hatujahesabu risasi, mizinga wala majeruhi. Idadi inayotajwa kwa upande wa Kongo ni wapagazi wapatao 260,000.

Walikufa kwa sababu zinazojulikana. Mtu aliyezoea ndizi na muhogo alipewa nafaka kavu, bila muda wala kuni za kuipika ikaiva. Tumbo likaharibika, kuhara damu kukafuata. Nyanda za juu zina baridi, na aliyetoka msituni akiwa na kitambaa kimoja alishikwa na kichomi. Ni haki wakumbukwe pamoja na askari.

Mwafrika aliweza kuwa ofisa? Hapana, hadi 1960. Kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa sajini-meja.

Nawezaje kupata habari za babu? (Dada, Bukavu)

Anza nyumbani. Tafuta kitabu chake cha askari au karatasi yoyote yenye namba yake, ile wanayoiita matricule. Bila namba, andika jina lake, la baba yake, kijiji, chefferie (eneo la chifu) na teritware (eneo la utawala lililo juu yake), pamoja na batalioni ukiijua. Ongeza namna zote ambazo karani angeweza kuliandika jina: Cirhuza huenda likawa Tshiruza au Kiluza. Piga picha medali pande zote mbili pamoja na utepe; kibamba cha chuma kwenye utepe kinachosema Abyssinie, yaani Ethiopia, kinataja vita alivyokwenda.

Barua iandikwe kwa Kifaransa, kwa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa la Ubelgiji, Brussels. Tuma nakala tu, asili ibaki kwako. Kama alikuwa mpagazi, omba taarifa za teritware yake za miaka ile, kwa kuwa mara nyingi wapagazi walihesabiwa tu bila kuandikwa majina.