Kwa dada mwenye lupasi aliyepoteza mimba 2

Pole sana, dada yangu. Umesema mimba 2 zimetoka, ya pili ikiwa na wiki 17, na sasa mama mkwe anataka uache dawa zote kabla ya kujaribu tena. Nakuomba usiziache kabla hujaonana na daktari.

Mimi niliacha. Nilipojua nina mimba tu nikaifungia haidroksiklorokwini, dawa yangu ya lupasi, kabatini, nikidhani namlinda mtoto. Lupasi, huu ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, ikaamka: vidole vikavimba, mkojo ukawa na povu, presha ikapanda. Wiki ya 19 mtoto akafia tumboni. Wodini nikaambiwa nitapata mwingine, kesho yake nikaruhusiwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Aliyeuliza ni daktari wa baridi yabisi, miezi mingi baadaye. Baadhi yetu wenye lupasi tuna kingamwili ziitwazo antifosfolipidi, zinazoharibu kondo la nyuma na kugandisha damu ovyo, mtoto akakosa chakula na hewa. Ziko za aina 3, zote hupimwa kwenye damu, na majibu yakiwa chanya kipimo hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, maana hata maambukizi ya kawaida huweza kuzipandisha kwa muda. Mimi zilionekana mara zote 2. Kiombe kipimo hicho mapema. Mimba ya wiki 17 mara nyingi haitoki hivihivi.

Tulingoja lupasi itulie miezi 6. Mimba ilipoingia nikawa nameza aspirini ndogo na haidroksiklorokwini kila siku, na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nachomwa tumboni. Mume wangu ndiye aliyenichoma, kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Tumbo lilijaa madoa meusi. Sindano hizo ni ghali, sikufichi, kwa hiyo ulizia bima yako kabla hujashika mimba.

Mama mkwe hajakosea kote. Methotreksati, mikofenoleti na warfarini zinadhuru mimba, ila hizo daktari huzibadilisha mapema, huziachi mwenyewe nyumbani. Mwombe pia akupime kingamwili ziitwazo anti-Ro, kwa kuwa mara chache huvuruga mapigo ya moyo wa mtoto na huhitaji kufuatiliwa.

Binti yangu alizaliwa wiki ya 35, njiti wa kilo 2.1, kwa upasuaji kwa sababu presha ilinipanda tena. Sindano niliendelea nazo wiki 6 baada ya kujifungua.

Ile mimba ya wiki 17, ulipimwa chochote baadaye? Na sasa unatumia dawa gani?