Muulize Fundi: Nikiwasha hatua mbili, si nitajifungia nje mwenyewe?

Fundi, shikamoo. Wiki tatu zilizopita dada yangu alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa rafiki yake wa miaka mingi: "Samahani, nimekutumia namba 6 kwa makosa, naomba unisomee." Kweli, meseji yenye namba 6 ilikuwa imeingia. Akamsomea. Muda si mrefu akaunti ikamtoka mkononi, na kufika jioni ndugu na marafiki wote walikuwa wanaombwa fedha kwa jina lake. Shemeji yetu mmoja alituma. Tangu siku hiyo kila mtu ananiambia niwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Naogopa. Mimi ni msahaulifu, simu imeshanipotea mara mbili, na barua pepe yangu imebeba kazi zangu za miaka 9. Nikiwasha, halafu simu ikapotea tena, si nitakuwa nimejifungia nje mwenyewe?
Mwalimu wa sekondari

Marahaba, Mwalimu. Mpe dada pole zangu, na umwambie asijilaumu. Aliona jina la rafiki yake na picha ya rafiki yake, akamwamini rafiki yake. Huyo rafiki alikuwa ameshaporwa akaunti kabla, na aliyekuwa akiandika ni mwizi. Zile namba 6 WhatsApp huzituma pale mtu anapoingiza namba yako ya simu kwenye simu nyingine ili aifungue akaunti huko. Mwizi alikuwa ameshaingiza namba ya dada. Alikuwa anangoja tu kusomewa.

Sasa tazama hatua mbili, yaani kuulizwa kitu cha pili baada ya kile cha kwanza, zingefanya nini. Dada angekuwa amejiwekea PIN yake ya tarakimu 6. Mwizi angesomewa namba za meseji, angeziingiza, kisha angeulizwa PIN. Hiyo haiji kwa meseji, dada aliitunga mwenyewe na anayo kichwani. Labda mwizi angerudi kuiomba nayo, lakini hapo hata mtu mwenye haraka angeshtuka: rafiki anataka PIN yangu ya nini?

Iwashe leo, haichukui dakika tano. Fungua Mipangilio, ingia Akaunti, utaiona. Ukiombwa barua pepe, usiiruke. Aliyeweka barua pepe akisahau PIN anaibadilisha kupitia huko. Asiyeweka anasubiri siku 7. Na kwa kuwa unasema u msahaulifu, ujue kwamba WhatsApp itakuuliza PIN mara moja moja hata ukiwa kwenye simu yako ileile. Watu wanakereka na hilo. Mimi nalipenda, maana ndilo linalofanya PIN isitoke kichwani.

Kama dada bado hajairudisha akaunti yake, aiandikishe upya namba yake kwa kuomba meseji nyingine. Akiingiza zile namba 6 mpya, mwizi anatolewa papo hapo. Huenda mwizi ameweka PIN yake, na hapo dada atasubiri siku 7 kabla ya kuingia, lakini siku hizo zote mwizi naye hayumo.

Nije kwenye hofu yako. Kati ya barua zote nilizopokea kuhusu jambo hili, yako ndiyo imenigusa, kwa sababu unachokiogopa kilinipata. Miaka kadhaa nyuma simu yangu ilizama majini. Ilikuwa na programu inayotoa namba za kuingilia kwenye barua pepe yangu. Mimi ninayefungua simu za watu na kuzifunga tena, ile sikuweza kuifufua. Namba za akiba, zile unazopewa uingie nazo siku simu haipo, sikuwa nimezihifadhi, nilizipita siku ya kuwasha kwa sababu nilitaka kumaliza haraka. Na ndani ya barua pepe ile zilikuwamo sauti za mama yangu, alizonirekodia mwaka wake wa mwisho akiwa hawezi tena kuandika.

Nilijaza fomu za kurejesha akaunti hadi nikazijua kwa moyo. Kila mara jibu lilikuwa lilelile, kwamba hawakuweza kuthibitisha kuwa ni mimi. Wiki ya sita mpwa wangu akanipigia kuuliza kitu kuhusu kompyuta ya zamani niliyompa ya kusomea, na ghafla nikakumbuka: kwenye kompyuta ile niliwahi kuweka alama ya "usiniulize tena kwenye kifaa hiki". Nikaenda kwake siku hiyohiyo. Nenosiri likakubali, hatua ya pili haikuulizwa, nikaingia. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kusikiliza sauti moja, ni kutoa namba za akiba na kuziandika karatasini.

Kwa hiyo siwezi kukwambia hofu yako ni ya bure. Ninachokwambia ni kwamba dawa yake ni karatasi moja, na karatasi hiyo huandikwa siku ileile unapowasha.

Anza na barua pepe, kabla ya Facebook, kabla ya kitu kingine chochote. Kwa nini? Kwa sababu ukibonyeza "nimesahau nenosiri" mahali pengine popote, kiungo cha kuweka jipya kinatumwa huko. Mwenye barua pepe yako anaweza kupita mlango hadi mlango. Mwaka 2012 mwandishi wa habari wa Marekani, Mat Honan, aliporwa hivyo. Wezi walianzia akaunti yake ya Amazon, wakaenda Apple, wakaingia Gmail, wakamaliza na Twitter, ambayo ndiyo waliyokuwa wanaitafuta. Njiani wakafuta simu yake, tableti yake na kompyuta yake, pamoja na picha za binti yake mdogo. Aliandika mwenyewe baadaye kwamba kama angewasha hatua mbili kwenye Google, huenda yote hayo yasingetokea.

Ukishawasha kwenye Google, tafuta palipoandikwa misimbo mbadala, au misimbo ya akiba. Utapewa 10, kila mmoja una tarakimu 8, na kila mmoja unafanya kazi mara moja tu. Huduma nyingine kubwa nyingi nazo zina namba za aina hiyo. Ziandike kwa kalamu, nakala mbili. Nakala moja iweke unapoweka vyeti vyako vya shule. Nyingine mpe mtu mmoja ambaye ungempa ufunguo wa nyumba. Usizipige picha kwa simu, kwa sababu simu ikipotea picha inaondoka nayo, na akiiokota mtu mbaya utakuwa umempa vyote viwili. Ukitoa seti mpya, ile ya zamani inakufa, basi ichane.

Halafu angalia namba ya simu na barua pepe ya pili zilizoandikwa kwenye akaunti kwa ajili ya dharura. Nimewaona watu wengi mno ambao namba iliyoandikwa pale ni laini waliyoiacha zamani. Kampuni za simu hugawa upya namba zilizoachwa. Leo namba hiyo inaweza kuwa ya mtu usiyemjua kabisa.

Na ukinunua simu mpya, usiifute ya zamani hadi programu ya namba iwe imehamia kwenye mpya na umejaribu kuingia nayo. Ukilishika hilo, hata simu ya tatu ikipotea utabaki na barua pepe yako.

Fundi, habari za kazi. Benki na mitandao hunipa kuchagua: namba ije kwa meseji au nitumie programu. Kazini kwangu mtandao unakatika sana. Nichague nini?
Muuguzi wa zamu za usiku

Nzuri, ndugu yangu. Chagua programu, na mtandao usikutie shaka, kwa kuwa programu hiyo haiuhitaji. Siku unapopiga picha ule mraba wenye vidoti, simu yako na huduma unayoingia hupeana siri moja ndefu. Kuanzia hapo kila upande unachukua siri hiyo, unaichanganya na saa ya wakati huo, na kutoa namba 6. Kwa kuwa siri ni moja na saa ni moja, namba zinalingana bila kutumiana chochote. Hubadilika kila baada ya sekunde 30. Utaratibu huo ulichapishwa mwaka 2011 uwe wa watu wote, ndiyo maana Google Authenticator, Microsoft Authenticator na nyinginezo hutoa namba zinazokubalika kwenye mitandao ileile. Kama siku moja namba zikigoma zote, kabla hujafanya lolote angalia saa ya simu. Iweke ijirekebishe yenyewe. Nimewatengenezea watu wengi "programu iliyoharibika" kwa kurekebisha saa tu.

Udhaifu wa meseji ni kwamba inafuata laini, na laini inaweza kuhamishwa. Mwizi anamdanganya au anamhonga mhudumu wa kampuni ya simu, namba yako inahamishiwa kadi yake, na meseji zako zinaingia kwake. Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, iliandikwa matusi baada ya namba yake kuhamishwa hivyo. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wote wanao, na kuizima na kuiwasha hakusaidii, usingoje asubuhi. Piga kwa kampuni ukitumia simu ya mwenzako.

Lakini naomba mtu asinisome vibaya. Kuna wajuzi wanaoidharau meseji kiasi kwamba msomaji anabaki bila chochote, na jambo hilo linaniuma. Mwaka 2019 Google walitoa matokeo ya utafiti walioufanya na Chuo Kikuu cha New York na Chuo Kikuu cha California, San Diego. Namba iliyotumwa kwa meseji ilizuia mashambulizi yote ya mashine, asilimia 96 ya ulaghai unaotumwa kwa watu wengi kwa mpigo, na asilimia 76 ya mashambulizi yaliyomlenga mtu mmoja mahususi. Kama benki yako ina meseji tu, iwashe hiyohiyo.

Katika utafiti huo ufunguo wa usalama, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, haukupenywa hata mara moja. Sababu yake ni nzuri kuijua. Namba 6, ziwe za meseji au za programu, unaweza kulaghaiwa ukaziandika kwenye ukurasa wa uongo, na mwizi akazitumia kabla hazijaisha muda. Ufunguo unaangalia anwani ya ukurasa wenyewe, na ikiwa si ile ulioandikishwa nayo, haujibu. Siku hizi simu nyingi zinafanya kazi hiyohiyo kwa alama ya kidole au uso, na mitandao inauita ufunguo wa siri. Ukikuta unatolewa bure kwenye akaunti yako, uchukue.

Fundi, usiku wa manane simu yangu inauliza "Je, ni wewe unayejaribu kuingia?" Jana imeuliza mara 11. Nimechoka, nikabonyeza Ndiyo ili ninyamazishe. Nimekosea?
Dereva

Ndiyo, kaka, na inuka sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Swali hilo kwa kawaida huja pale mtu ameshaingiza nenosiri lako na likakubali. Kwa hiyo analo, na jana umemfungulia. Ingia kwenye akaunti, badilisha nenosiri, fungua orodha ya vifaa vilivyoingia na ukitoe kila kimoja usichokitambua. Angalia pia kama namba ya simu na barua pepe ya dharura bado ni zako. Kama nenosiri lile ulilitumia mahali pengine, libadilishe huko nako.

Kukuchosha ndiyo mbinu yenyewe. Septemba 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa namna hiyo: mtu mmoja aliyekuwa akiifanyia kazi aliletewa maombi mfululizo, mwishowe akakubali moja. Ukiulizwa na hukuwa unaingia popote, bonyeza Hapana, hata mara 100, na nenosiri ulibadilishe siku hiyohiyo.

Fundi, shikamoo. Baba ana miaka 74. Akaunti zake zote nimeweka namba yangu ya simu, namba zikija namsomea. Mume wangu anasema si vizuri. Wewe waonaje?
Binti wa mwisho

Marahaba, binti yangu. Naona unafanya kwa upendo, lakini nakubaliana na mume wako. Unamzoesha baba jambo lilelile lililompata dada wa Mwalimu: namba inakuja, mtu anaomba, mtu anasoma. Siku atakayepiga mwingine kwa sauti ya upole na kujiita mhudumu, baba ataona ni kawaida. Tena siku wewe upo safarini au simu imezimika, yeye hana akaunti.

Weka namba yake mwenyewe, na yako iwe ya dharura. Kaa naye ukiwa na muda, usifanye kwa pupa mbele yake. Mwache abonyeze mwenyewe. Aandike namba za akiba kwa mwandiko wake, kwa tarakimu kubwa anazoweza kuzisoma bila miwani. Mwambie kwamba namba ikija hasomewi mtu yeyote, hata wewe, hata ukilia kwenye simu. Kisha toka kwenye akaunti, ujifanye simu imepotea, na mwombe aingie kwa kutumia namba ya kwanza ya ile karatasi. Akishaingia, mpe kalamu aikate aliyotumia. Zimebaki 9.