Kabla ya kuipeleka kamera kwa fundi, zungusha kile kigurudumu

Kamera ikionyesha ukungu unapochungulia, lakini picha zikifika kwenye kompyuta ziko safi, kamera hiyo ni nzima. Usiipeleke popote. Tatizo liko kati ya jicho lako na kitazamio, yaani kile kidirisha unachochungulia, na mara nyingi dawa yake ni kigurudumu kidogo kilichokaa pembeni ya kitazamio hichohicho, aghalabu upande wa kulia, chenye alama za kujumlisha na kutoa. Nawaandikia machalii na mabinti mnaoanza kazi ya picha hapa Arusha, maana kila msimu wa harusi lazima atokee mtu wa kuniambia lenzi yake "imekufa fokasi". Naichukua kamera, nazungusha kidogo, namrudishia. Anacheka mwenyewe.

Ndani ya kitazamio kuna vilenzi vidogo. Kigurudumu kinavisogeza mbele na nyuma ili unachokiona kilingane na nguvu ya jicho lako. Kipimo chake ni dayopta, kilekile kinachoandikwa kwenye karatasi ya vipimo vya miwani: kutoa kwa asiyeona vizuri mbali, kujumlisha kwa asiyeona vizuri karibu. Lenzi ya dayopta 1 inakusanya mwanga umbali wa mita 1, ya dayopta 2 inaukusanya kwenye nusu mita, na kuendelea hivyo.

Picha yenyewe haiguswi kabisa. Sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, haijui kama unavaa miwani. Kwa hiyo kama unapiga kwa otofokasi, yaani kamera inajifokasi yenyewe, na picha zinatoka na ukungu hata kwenye kompyuta, kigurudumu hakihusiki. Angalia kasi ya shata, yaani pazia la kamera linavyofunguka na kufunga, angalia kiboksi cha fokasi, kile kinachoonyesha kamera imelenga wapi, kilikaa wapi, angalia kama mkono ulitikisika. Lakini ukifokasi kwa mkono, kwa kuzungusha pete ya lenzi, jicho lako ndilo linaloamua, na jicho linalotazama kupitia kidirisha chenye ukungu litaamua vibaya. Wanaopenda kamera za filamu wazingatie hilo mara mbili. Nikon FM2, kwa mfano, haina kigurudumu hiki. Inatumia kilenzi cha kufunga kwa kuzungusha kwenye kitazamio, na ukikinunua chenye namba isiyo yako umetupa hela.

Namna ya kurekebisha. Hapa msiharakishe, kwa sababu wengi wanakosea kwa kutazama kitu kisicho sahihi. Wanaelekeza kamera kwenye Mnara wa Saa, wanazungusha mpaka mnara uonekane vizuri, wanaridhika. Usitazame mnara. Tazama maandishi na alama zilizo ndani ya kitazamio chenyewe: viboksi vya fokasi, na zile namba za kasi na apacha (tundu la lenzi) zilizo chini. Hizo hazitegemei lenzi yako imefokasi wapi. Zikiwa kali, kidirisha kimekaa sawa na jicho lako.

Elekeza kamera kwenye kitu cheupe kisicho na mapambo, ukuta au mawingu, lakini jua lisiwe karibu. Kama ni kamera yenye kioo cha kupinduka ndani (DSLR), zima otofokasi na uvuruge fokasi kwa makusudi ili mandhari isikuvute macho. Bonyeza kitufe cha kupigia hadi nusu tu, namba ziwake. Sasa zungusha kigurudumu kuelekea upande wa kujumlisha mpaka alama zivurugike kabisa. Ondoa jicho, tazama mbali kwa muda: Mlima Meru unatosha, na walioko Moshi wakibahatika mawingu yakafunguka watazame Kibo. Rudisha jicho, zungusha polepole kuelekea kutoa, na pale alama zinapokuwa kali kwa mara ya kwanza, simama. Usiendelee.

Kwa nini uanzie kwenye kujumlisha? Kwa sababu macho ya kijana yana nguvu ya kujivuta. Ukianzia upande wa kutoa, misuli ya ndani ya jicho inajikaza na kukulazimishia ukali, nawe utadhani umefika. Utapiga picha vizuri asubuhi, halafu ikifika jioni ukumbini kichwa kinauma na macho yanawaka, na utasingizia taa za DJ. Kwenye zile kamera mpya zisizo na kioo hicho (mirrorless), ambazo kitazamio chake ni skrini ndogo, utaratibu ni huohuo, ila wewe fungua menyu ndani ya kitazamio na urekebishe kwa maandishi yake madogo.

Kwenye baadhi ya kamera, Nikon D850 na Z6 zikiwemo, kigurudumu lazima ukivute nje kwanza ndipo kizunguke, kisha ukirudishe ndani. Kwenye nyingine raba ya kitazamio inakibana, basi ivue. Na wenye kucha ndefu, angalieni jicho. Sitanii, hata vitabu vya maelekezo vya Nikon vinaonya hivyo.

Sasa suala la miwani, ambalo naulizwa kuliko yote: nivae au nivue?

Kama huoni mbali na unavaa miwani siku nzima, ushauri wangu ni uivae, na urekebishe kigurudumu ukiwa umeivaa. Najua kuna wanaosifu kuivua, na kitazamio kitakuonyesha vizuri bila miwani kama namba yako si kubwa. Lakini mpiga picha hatazami kupitia kitazamio muda wote. Ukumbini unatakiwa umwone shangazi wa bibi harusi anayekuita kwa mkono kutoka meza ya mwisho. Ndani ya gari la safari Tarangire unatakiwa uone dereva anakuelekeza kichaka gani. Bila miwani unakuwa kipofu kila ukishusha kamera, na kuivaa na kuivua kila dakika kunaishia kwa miwani kukanyagwa.

Gharama ya kuivaa ni kwamba jicho linakaa mbali zaidi na kidirisha, na pembe za picha zinaweza kufichika. Kila kitazamio kina umbali ambao jicho linaweza kukaa na bado likaona pembe zote nne. Kwenye D850 ni milimita 17. Mwaka 1982 Nikon walitoa F3HP, ambayo kitazamio chake kiliwapa wavaa miwani milimita 25, na waliozitumia bado wanazisifia. Ukienda kununua kamera, mpya au ya mkononi, nenda na miwani yako, chungulia, hakikisha unaziona pembe zote na zile namba za chini. Usikubali kununua kwa kuangalia megapikseli tu. Na kama raba imechakaa mpaka plastiki au chuma kinaonekana, badilisha haraka, kwani kioo cha miwani kitachubuka.

Miwani ya jua nayo ina vituko. Ile yenye polaroidi, yaani ya kukata mng'ao, inaweza kufanya skrini au kitazamio cha kielektroniki kiwe cheusi ukigeuza kamera wima. Waongoza watalii wengi wanaivaa, na wakianza kupiga picha wanadhani kamera imezima. Vua miwani, kamera itafufuka.

Wenzangu waliovuka 40 wana hali yao peke yake. Mbali unaona hadi flamingo walioko katikati ya Ziwa Momella, lakini ujumbe wa simu unausoma mkono ukiwa umenyooka. Ninyi hamhitaji miwani ili kupiga. Rekebisha kigurudumu bila miwani na kitazamio kitakaa sawa. Shida ni skrini ya nyuma: unapiga vizuri, unashusha kamera uhakiki picha, huoni kitu, unatafuta miwani ya kusomea mfukoni, na wakati huo keki imeshakatwa. Ukiwa na kamera isiyo na kioo, jizoeze kuhakiki picha na kupitia menyu ndani ya kitazamio, bila kuondoa jicho. Naona hii ndiyo sababu ya maana zaidi kwa mtu wa umri huo kuhamia kwenye kamera hizo, kuliko hata kasi ya fokasi wanayoitangaza. Mwenye kamera ya zamani aning'inize miwani ya kusomea shingoni kwa kamba, na asione aibu. Wenye miwani ya sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, warekebishe wakitazama kupitia sehemu ya juu, na wapige kupitia hapohapo. Ukihamisha jicho kwenda chini, marekebisho yote yamepotea.

Kuna macho ambayo kigurudumu hakiyawezi. Tazama kiboksi cha fokasi. Kama mistari ya wima ni mikali na ya mlalo ina ukungu, au kinyume chake, na ukizungusha vinabadilishana zamu, hiyo ni astigmatizimu: umbo la jicho halilingani pande zote. Kigurudumu kinasahihisha pande zote kwa kiasi kimoja, hivyo hakiwezi kusaidia. Vaa miwani iliyopimwa.

Kingine ni ukomo wa namba. Nikon D3500 inakwenda kutoka -1.7 hadi +0.5 tu. Canon 5D Mark IV ni -3 hadi +1. Sony A7 III ni -4 hadi +3. Mwenye macho ya -6 asihangaike, hakuna hata moja kati ya hizo itakayomfaa bila miwani. Na usitarajie namba ya kigurudumu ifanane kabisa na ya miwani yako. Nenda kwa unachokiona.

Kwenye studio ambapo watu watatu wanashika kamera moja, kila mtu atakuta kidirisha cha mwenzake. Usigombane na mtu, rekebisha chako. Lakini kamera ikiwa yako peke yako, ukishapata mahali pako weka alama ndogo kwa kalamu nyeupe ya kufutia, kwa sababu kigurudumu kinasukumwa ovyo kila kamera inapoingia na kutoka kwenye begi. Wengine wanakiziba kwa tepu nyeusi ya umeme. Ni sawa, ila gundi isiingie kwenye kioo. Kabla ya ibada kuanza kanisani, chungulia, soma namba za chini, basi. Na ukiweka kamera juu ya kiti cha gari, kitazamio kisielekee jua: vile vilenzi vinakusanya mwanga na vinaweza kuunguza skrini ya ndani.

Ukizungusha kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupata ukali, futa kioo cha kitazamio kwa kitambaa laini kwanza, kwa kuwa vumbi na mafuta ya kope vinadanganya sana. Halafu mpe mwenzako achungulie. Yeye akirekebisha na kuona vizuri, nenda ukapimwe macho. Moshi kuna idara ya macho hospitali ya KCMC, na Arusha mjini wapimaji wapo. Mtoto wa jicho haurekebishwi kwa kigurudumu. Na kama alama yako ya wiki iliyopita leo haikufai, ukairekebisha, na baada ya siku chache inahama tena wakati kigurudumu hakijaguswa, mwambie daktari apime na sukari. Sukari ikipanda na kushuka, nguvu ya jicho nayo hubadilika.