Ukimaliza Katuni na Mwanao, Mjadilini Baba

Kama una mwana wa kiume na kuna mambo hujui uanzie wapi kumwambia, keti naye mtazame filamu ya katuni. Usimwashie kisha uende zako. Keti mpaka mwisho.

Kilichotusaidia zaidi mimi na wangu ni hiki: filamu ikiisha tunamjadili baba wa kwenye filamu, si mtoto. Ukimuuliza mtoto "umejifunza nini?" atakujibu kama yuko darasani. Muulize "unadhani baba yake alikuwa anaogopa nini?" uone atakavyofunguka, na mara nyingi atakuwa anakusema wewe.

Kwa wadogo, The Lion King ya 1994 inafaa sana. Wengi hukumbuka kifo cha Mufasa, simba mfalme na baba yake Simba, lakini mimi napenda pale kabla yake, Simba akiwa ameponea chupuchupu mbele ya fisi. Mufasa anamkanya, kisha anakiri kwamba siku ile aliogopa, alidhani angempoteza. Simba anashangaa: kumbe hata wafalme huogopa! Mwanangu aliniuliza papo hapo kama na mimi huogopa. Nilimwambia ndiyo, nikamtajia na ninachokiogopa. Ukiulizwa hivyo, usikwepe. (Kama mtoto amefiwa karibuni, itazame kwanza peke yako.)

Kijana anayeanza kukununia, mwekee How to Train Your Dragon ya 2010. Stoick, baba, na mwanawe Hiccup wanapendana, ila hawasikilizani. Usiku mmoja kila mmoja ana neno zito. Wanaongea kwa pamoja, wanapishana, kisha baba anatangulia: amekubali mwanawe akajifunze kupigana na majoka. Mtoto naye alikuwa amekuja kusema hataki tena kupigana nayo. Baba hasikii. Baadaye, kwa hasira, anamkana kabisa. Lakini kabla ya pambano la mwisho anamwomba radhi, kwa maneno machache tu, na kumwambia anajivunia kumwita mwanawe. Vijana wengi hawajawahi kumsikia mtu mzima akiomba radhi namna ile. Hapo usitie neno, mwache aone.

Na wewe baba mwenye hofu, Finding Nemo ya 2003 ni yako. Mwongozaji wake, Andrew Stanton, amesimulia kwamba alikuwa akitembea na mwanawe kwenda bustanini, njia nzima akimkataza hiki na kile, mpaka akagundua kuwa muda wao wa pamoja unampotea. Marlin, samaki baba yake Nemo, alipoteza mke na mayai yote isipokuwa moja, kwa hiyo hofu yake ina sababu. Ndiyo maana inauma pale Nemo anapoomba kuingia kwenye wavu wa wavuvi amwokoe rafiki yao Dory, na baba anamwachia.

Asipotaka kuongea siku hiyo, usimbane. Wangu huanza siku nyingine kabisa, tukiwa kwenye shughuli zetu, na huanza kwa kumtaja Marlin. Mjibu kuhusu Marlin kwanza.