Shokapu za gari ya porini: maswali yenu na majibu

Maswali ya shokapu yamekuwa mengi na karibu yote yanaanza na "kampuni gani nzuri". Mi kampuni nitazitaja pale inapobidi tu, maana shokapu ya jina kubwa ukiifunga kwenye gari yenye uzito tofauti na ule iliyotengenezewa itakutesa, na ya kawaida tu ikikutana na springi inayoendana nayo utaifurahia miaka. Haya twende.

*Mkuu, nimetoa shokapu za nyuma zilizokuja na gari nikaweka zile nene za hevidyuti, lakini nikipakia mzigo gari bado inakaa chini nyuma. Nimeuziwa feki?*

Si lazima ziwe feki mkuu. Shokapu haibebi mzigo, anayebeba ni springi, na hili ndo jambo ambalo watu wengi wanalipita wakakimbilia kununua. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Tairi likipanda jiwe springi inabonyea, inaikamata ile nguvu halafu inataka kuirudisha yote kwa mpigo, na kama hakuna kitu cha kuizuia gari itanesanesa mpaka tairi linaachana na ardhi. Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye matundu madogo na valvu, oili inalazimishwa kupita pale kwa tabu, ile nguvu inageuka kuwa joto na joto linatokea kwenye bomba la shokapu kwenda hewani. Ndo maana ukitoka kwenye barabara mbovu ukaigusa inaunguza, na hapo ujue inafanya kazi yake.

Kwa hiyo wewe tatizo lako ni springi. Kabla hujanunua chochote peleka gari kwenye mizani ikiwa imepakia kama unavyosafiri kweli, watu ndani, tenki imejaa, maji, vifaa, kila kitu, na kama mizani inaruhusu pima mbele peke yake na nyuma peke yake. Watu wanashangaaga namba zinazotoka. Bampa ya chuma na winchi pekee zinaweza kukaribia kilo 100, na zote zinakaa mbele ya ekseli ya mbele. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40 hata hujahesabu dumu lenyewe. Hema la juu ya keria nalo lipo. Halafu tenganisha uzito unaokaa na gari siku zote na ule wa safari tu, maana springi nyingi za kununua nje ya kiwanda zinauzwa kwa madaraja ya uzito wa kudumu. Ukichagua springi ya mzigo mkubwa halafu siku nyingi uko peke yako kwenye gari, mgongo utakuambia.

Springi ikishajulikana ndo unatafuta shokapu, na hapa springi ngumu zaidi inarudi kwa nguvu zaidi kwa hiyo shokapu yake lazima iwe na uwezo mkubwa wa kuzuia wakati wa kurudi. Shokapu ya kiwandani ukiiwekea springi nzito juu yake itazidiwa, gari itakuwa inarukaruka nyuma hata kama shokapu ni mpya. Njia rahisi kwa mtu asiyetaka kuumiza kichwa ni kuchukua springi na shokapu zilizopangwa pamoja na kampuni moja, mfano Old Man Emu wa ARB kutoka Australia wanapanga hivyo, wewe unataja gari na uzito unapewa seti.

*Naskia za gesi ndo za ukweli, za oili zimepitwa na wakati. Ni kweli?*

Zote zina oili kaka, hata hizo zinazoitwa za gesi. Gesi ipo kusaidia oili isitoe povu, na povu ndo adui mwenyewe, maana pistoni ikipita kwenye povu haikuti kizuizi, gari inaanza kuelea. Swali la maana zaidi ni kama shokapu ina tyubu moja au mbili.

Ya tyubu mbili ina bomba la ndani ambamo pistoni inatembea, na bomba la nje linalohifadhi oili ya ziada na gesi kidogo ya presha ndogo, au hewa tu kwa zile za zamani. Uzuri wake kwa porini ni kwamba jiwe likirushwa likabonyeza bomba la nje, pistoni haijui, inaendelea kutembea kwenye bomba lake la ndani. Pia haina ukakasi, gari inakuwa laini. Ubaya, joto la ndani lina safari ndefu kutoka nje, na kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi ukienda nayo masaa inaweza kuchoka ukaisikia kabisa usukani unakuwa mwepesi na nyuma inatambaa kwenye kona.

Ya tyubu moja pistoni inatembea kwenye bomba lile lile unaloliona kwa nje, kwa hiyo joto linatoka haraka, pistoni inaweza kuwa pana zaidi, na gesi ya naitrojeni yenye presha kubwa inakaa chumba chake nyuma ya pistoni nyingine inayoelea, haichanganyiki na oili. Wazo hili ni la Mfaransa de Carbon, na Bilstein ndo waliolipeleka kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Ubaya wake: bomba likibonyea kwa jiwe pistoni inakwama au inakwaruza, hiyo shokapu imekwisha. Kama unapita sana kwenye mawe makali na shokapu zako zimening'inia wazi, weka ngao.

Mimi nikiulizwa, gari ya safari ndefu za vumbi kwa mwendo na mzigo namwambia mtu achukue tyubu moja. Ya kupanda milima polepole, mawe, matope, mwendo wa kutembea, tyubu mbili nzuri inatosha kabisa na hela inayobaki itafute tairi. Kitu kimoja cha kukumbuka, ya tyubu mbili hairuhusiwi kufungwa kichwa chini, gesi itaingia kwenye bomba la kazi. Ya tyubu moja unaweza kuigeuza.

*Zile zenye kichupa pembeni zinanisaidia nini, au ni mapambo?*

Si mapambo. Kile kichupa kinaongeza oili na sehemu ya kutolea joto, na pia kinahamisha ile pistoni inayoelea kutoka ndani ya bomba, kwa hiyo shokapu yenye urefu ule ule inapata nafasi ndefu zaidi ya kutembea. Kwa mtu anayekimbia kwenye mawimbi na mzigo mzito siku nzima, inalipa. Kwa mtu anayetoka wikiendi moja moja, hapana, na kumbuka ni sehemu nyingine ya kuvuja na paipu nyingine ya kulinda isikatwe na tawi. Zile namba kama 2.0 na 2.5 unazoziona kwenye shokapu za kampuni za Fox na King ni upana wa bomba kwa inchi, si daraja la ubora.

*Nataka kupandisha gari inchi mbili. Shokapu za zamani zitafika au ninunue ndefu? Gari ina ekseli nzima mbele na nyuma, springi za koili.*

Hapa usikisie, pima. Toa shokapu, weka stendi imara chini ya chesisi si jeki peke yake, halafu shusha ekseli mpaka ikomee pale inapozuiwa na kitu kingine, iwe paipu ya breki iliyovutika au springi inayotaka kuchomoka kwenye kikombe chake. Pima kutoka kifungio cha juu mpaka cha chini. Huo ndo urefu wa mwisho wa chini, na shokapu yako ikinyooka yote isizidi hapo, kwa sababu kama inazidi basi paipu ya breki ndo itakuwa inaishikilia ekseli na hiyo sitaki hata kuiwaza ikiwa mlimani.

Halafu upande wa pili ambao watu wengi wanausahau. Ukiwa umetoa na springi, inua ekseli mpaka ikandamize kabisa ile raba inayoizuia isigonge chesisi. Pima tena. Shokapu mpya ikiwa imebonyezwa yote lazima iwe fupi kuliko kipimo hicho, acha angalau sentimita mbili. Shokapu ndefu ikinyooka huwa ndefu pia ikibonyea, na ukiifunga bila kupima siku ukiingia kwenye shimo kwa mwendo pistoni inagonga mwisho kabla ya raba, unapasua shokapu au unang'oa kifungio kwenye chesisi. Kama imezidi kidogo unaweza kushusha raba kwa kuiwekea kipande chini yake, ila kila sentimita unayoshusha umepunguza safari ya tairi kwenda juu. Fanya kipimo pia upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, ekseli ikiwa imepinda kama inavyokuwa kwenye mawe, maana hapo namba zinabadilika.

Shokapu za zamani kwenye inchi mbili mara nyingi zinaingia tu kwenye tundu zake, lakini zinakuwa zimenyooka karibu mwisho hata gari ikiwa imesimama, kila ukipita tuta kwa kasi utasikia "ko!" zikifika mwisho. Nunua zilizotengenezwa kwa urefu huo.

*Yangu mbele ni independenti, kila tairi inacheza peke yake bila ekseli nzima, na shokapu iko katikati ya springi. Naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani?*

Dada, kufungua bolti utaweza. Kutenganisha springi na shokapu hapana, kama huna mashine ya kubana springi iliyo imara na mtu anayeijua. Ile springi imebanwa muda wote, ukifungua nati ya juu bila kuibana inaruka na inaweza kuua mtu. Bora ununue zilizokwisha kuunganishwa kabisa, springi, shokapu na kikombe cha juu, unafunga tu bolti.

Na usipandishe kupita kama milimita 50 kwenye mfumo huo, zaidi ya hapo sivijointi (viungo vya shafti inayozungusha tairi) zinakaa kwa pembe mbaya, buti zake za raba zinachanika, boljointi (viungo vya mpira vinavyoshika tairi) zinalalamika. Ukimaliza peleka alaimenti, yaani kunyoosha pembe za tairi, bila kuchelewa, sio "nitaenda mwezi ujao", tairi mpya zinaliwa upande mmoja haraka sana.

*Zile za kuzungusha kitasa ugumu ni za kuaminika?*

Zipo nzuri, Rancho RS9000XL ina hatua 9, Koni nao wana zao. Zinamfaa mtu ambaye gari leo tupu kesho imejaa. Ila jua kitasa kinabadilisha nini, nyingine kinagusa kurudi tu (shokapu inaponyooka), nyingine kubonyea na kurudi vyote viwili, soma karatasi yake. Na osha kitasa ukitoka matopeni, kikishika kutu hakigeuki tena. Kitasa hakitaiponya springi iliyochoka.

*Tangu nifunge mpya gari inarusha kila jiwe, meno yanagongana. Zitalainika?*

Kidogo sana. Bushi (raba za kwenye vifungio) na sili zikizoeana kuna nafuu, ila ukali wenyewe hauondoki. Anza na upepo wa tairi, watu wengi wanafunga shokapu mpya na tairi zimejazwa presha ya lami yenye mzigo kamili, punguza ukiwa kwenye vumbi na mwendo upunguze pia, utashangaa. Kama bado, angalia gari inavyofanya. Ikipiga kwa ukali kila inapokutana na kitu, kubonyea kumekazwa mno au springi ni nzito kuliko mzigo wako. Lakini kama kwenye mawimbi gari inazidi kushuka, kushuka, mpaka inagonga raba, hapo kurudi ndo kumekazwa mno, springi haipewi muda wa kunyooka kabla ya wimbi linalofuata. Ukimweleza muuzaji kwa maneno hayo atakuelewa, ukimwambia tu "ngumu" atakupa nyingine ngumu vilevile.

*Fundi anasema shokapu moja inavuja nibadilishe. Nibadilishe hiyo moja?*

Kwanza uiangalie mwenyewe. Ifute kwa kitambaa, tembea siku chache, chungulia tena. Ukungu mwembamba wa oili ulioshika vumbi karibu na sili ni kawaida, ule mkono wa chuma unaoingia na kutoka kwenye bomba unalainishwa na oili kila unapotoka. Kama oili imeteremka mpaka chini ya bomba au inadondoka, imekufa. Angalia pia ule mkono unaong'aa kama una michubuko, maana sili mpya haitadumu juu yake. Na tairi ukilipapasa ukakuta mabonde mabonde kuzunguka uso wake, shokapu ya upande huo ni mtuhumiwa wa kwanza.

Ukibadilisha, badilisha mbili za ekseli moja, moja ngumu na moja legevu zinafanya gari ivute vibaya kwenye breki ya ghafla.

Na mwambie fundi mambo matatu kabla hajaanza. Asiushike ule mkono kwa plaizi. Za tyubu mbili azipampu juu chini mara kadhaa zikiwa zimesimama wima kabla ya kufunga, hewa iliyoingia wakati zimelala stoo itoke. Na zile bolti zinazopita kwenye bushi za raba azishike tu kwanza, ashushe gari ikae kwa tairi zake na uzito wake, ndo akaze mwisho kwa kipimo cha kiwanda. Akikaza gari ikiwa juu, raba itakuwa imejipinda muda wote gari ikiwa chini na itachanika mapema, halafu utaambiwa shokapu ni mbovu.